Pilau ya Soseji

Ujerumani duka likifungwa, limefungwa. Hakuna kuzunguka dirisha la nyuma ukabisha hodi uuziwe kitunguu kimoja. Hilo nilishaambiwa, lakini halikuniingia mpaka tarehe 24 Desemba 2015, saa tisa kasorobo alasiri, nimesimama na kikapu mbele ya mlango wa kioo uliokataa kufunguka.

Mkesha wa Krismasi, sheria yao inafunga maduka saa nane mchana. Tarehe 25 ni sikukuu, 26 sikukuu ya pili. Mwaka ule 25 iliangukia Ijumaa, kwa hiyo 27 ni Jumapili, na Jumapili pia hawafungui. Kitunguu cha karibu kabisa kilikuwa Jumatatu.

Nami nilishawaalika majirani, mzee na bibi wa mlango wa pili, waje kula pilau kesho yake. Pilau yenyewe nimeisifia wiki nzima. Bibi akasema vizuri, basi yeye hapiki.

Wanaobaki wazi ni vituo vya mafuta na maduka ya stesheni. Nikaenda kituo cha mafuta. Kuna maji ya kuoshea vioo vya gari, bia, chokoleti na, kwenye friji, paketi mbili za soseji. Nikabeba zote mbili. Nyumbani nilikuwa na mchele vikombe vitatu, viazi vitano na bizari ya pilau.

Sasa, rangi ya pilau haitoki kwenye bizari. Inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia. Nikajaribu kuitafuta kwenye soseji. Zilitoa mafuta, zikatoa moshi, rangi hazikutoa. Nikatia viazi, mchele, maji vikombe sita. Yalipokauka nikazima jiko ili wali uivie mvuke.

Kosa. Mkaa unaupunguza, unabakiza kidogo chini na kidogo juu ya mfuniko, mambo yanatulia. Jiko la umeme la sahani za chuma ukilizima, sahani inabaki na moto wake dakika nyingi tu, inaendelea kupika kama haikukusikia. Dawa ni kuhamishia sufuria kwenye sahani ya pembeni iliyo baridi. Nilikumbuka dawa hiyo kengele ya moshi ya koridoni ilipoanza kulia. Kengele ile haisikii kupepewa kwa taulo. Ina kitufe katikati, na iko darini. Nikapanda kiti, nikaibonyeza kwa mpini wa mwiko. Upande wa pili wa mwiko ulikuwa na wali, na wali ule ulikuwa kichwani kwangu wageni walipobisha hodi, mzee na tai, bibi na lulu shingoni.

Ukoko nikauacha chini, nikapakua ya juu. Bibi akaitazama sahani, kisha akamtazama mumewe.

Ambalo sikulijua ni hili: kwao, kama kwa familia nyingi za huko, chakula cha mkesha ni soseji na saladi ya viazi, kwa kuwa hakisumbui. Nyama ya maana husubiri tarehe 25.

Mzee akachoma kipande cha soseji kwa uma, akakiinua kwenye mwanga, akauliza kwa upole:

"Tena?"

Bibi akamkanyaga chini ya meza.