Mlima Mfupi Unaoinywesha Tanga

Sisi Watanzania tuna tabia ya kuheshimu mlima kwa urefu wake. Tukishausifu Kilimanjaro na mita zake 5,895, pumzi inatuishia. Usambara Mashariki, ambako vilele virefu havizidi sana mita 1,500, tunaiita "vilima vya Tanga" na mazungumzo yanaishia hapo.

Kwa umri, Kilimanjaro ni kitoto mbele yake. Ule ni volkano ya miaka milioni chache tu. Usambara ni miamba ya kale iliyoinuliwa ardhi ilipopasuka, na ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita na kuishia Udzungwa. Bahari ya Hindi iko karibu, kwa hiyo unyevu haukukatika hata zama zile misitu mingine ya Afrika iliponyauka. Mimea na wanyama waliojibanza huko wakabadilika kivyao, ndiyo maana wengi hawapatikani kwingine.

Toka Muheza kwenye joto na michungwa, panda kuelekea Amani. Ukipita Sigi barabara inaanza kujikunja, na kabla hujafika mita 1,000 tayari uko ndani ya ukungu. Majani yanachuruzika maji hata siku ambayo mvua haijanyesha: ukungu unagonga majani, unakuwa matone, matone yanazama kwenye udongo wenye majani yaliyooza. Kwenye miamba yenye kivuli kuna Saintpaulia, ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892. Leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote, na sijui ni wangapi kati ya wanunuzi wamewahi kusikia jina la Muheza.

Maji hayo ndiyo Mto Zigi, unaojaza bwawa la Mabayani, na ndiyo yanayotoka kwenye mabomba ya Tanga mjini.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Tunamlaumu mkulima wa iliki kwa kuharibu msitu unaoleta maji hayo. Ni kweli, iliki inaudhi kwa namna yake: miti mikubwa inaachwa itoe kivuli, ukitazama kwa mbali unaona msitu, lakini chini kumefyekwa, hakuna mche wa kurithi mti utakaoanguka. Huko Derema, msitu wa hukohuko Usambara Mashariki, wakulima walilipwa fidia wakaacha mashamba. Sawa. Lakini fidia hulipwa mara moja, na iliki ilikuwa inaingiza hela kila msimu. Aliyebaki kuulinda msitu ananufaika na nini?

Kwa maoni yangu, bili ya maji ya Tanga ingekuwa na fungu la vijiji vya juu, dogo tu, linaloandikwa waziwazi kwenye risiti na kupelekwa kwenye serikali za vijiji hivyo kila mwezi. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ipo tangu 1997 na askari wake wanafanya kazi, ila askari hawezi kusimama chini ya kila mti.