Wiki nane zisizoonekana kwenye takwimu ya diski

Ukitaja upasuaji wa diski ya mgongo, yaani kile kimto laini kilicho kati ya pingili na pingili, hukosi kujibiwa hivi: aliyepasuliwa na asiyepasuliwa, mwaka ukiisha, wote wako sawa. Basi kisu cha nini? Jibu hilo halikutungwa, lina utafiti nyuma yake, na utafiti wenyewe ni mzuri. Ninachopinga ni namna unavyosomwa.

Ulifanyika Uholanzi, ukachapishwa 2007. Wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12, kwa sababu ya diski iliyotoka na kubana neva, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lipasuliwe mapema, jingine liendelee na dawa na mazoezi, na likipasuliwa iwe baadaye kama haja ipo. Mwaka ulipotimia, watu 95 katika kila 100, kwa makundi yote mawili, walisema wamepona.

Wengi huishia hapo. Lakini katika waliopangiwa kusubiri, 39 katika kila 100 walishindwa kuvumilia wakapasuliwa, kwa wastani baada ya wiki 19 hivi. Ile 95 ya upande wa subira, kwa hiyo, imebeba ndani yake watu wengi waliopona kwa kisu.

Kuna jambo jingine ambalo haliniishi moyoni. Katika kundi la upasuaji wa mapema, nusu ya wagonjwa walikuwa wamekwisha kujiona wamepona ilipofika wiki ya 4. Katika kundi jingine, nusu hiyo ilifikiwa wiki ya 12. Wiki 8 zimepotea katikati, na hesabu ya mwisho wa mwaka haizioni kabisa. Mgonjwa anazijua usiku kwa usiku. Anaamka saa nane, mguu unawaka kuanzia kalioni, moto unapita nyuma ya paja na kushuka hadi kwenye kidole gumba. Akikaa ukingoni mwa kitanda maumivu yanazidi, kwa hiyo anasimama gizani, kiganja ukutani, akisubiri kupambazuke. Asubuhi soksi ya mguu ule anavishwa na mtu mwingine. Chafya ikimjia, anatafuta kwanza pa kushika. Ukimwambia mtu huyu kwamba mwakani atalingana na mwenzake, umesema kweli, lakini hujajibu alichouliza.

Halafu kuna hofu ya kupooza, ambayo nadhani ndiyo inayowarudisha wengi mlangoni. Diski nyingi zinazotoka ni zile mbili za chini kabisa kiunoni. Uti wenyewe, ile kamba kuu ya neva, huishia juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna mizizi ya neva tu, inayoning'inia kama nyuzi ndani ya maji. Daktari hukata ngozi sentimita 2 au 3, husogeza misuli kando, na kwa darubini au kamera nyembamba huusukuma mzizi wa neva polepole na kuchomoa kipande kilichoubana. Diski iliyobaki huachwa mahali pake. Wengi hutembea siku hiyohiyo. Hatari zipo: utando wa neva unaweza kutoboka, kidonda kinaweza kuingia vijidudu, neva inaweza kujeruhiwa, na diski ileile inaweza kutoka tena.

Wanaopendelea kusubiri wana hoja nzito pia. Kipande kilichotoka mara nyingi husinyaa chenyewe, kwa kuwa mwili hukiona kama kitu kigeni na kukila kidogo kidogo. Tena picha ya MRI inaweza kupotosha. Hata miongoni mwa vijana wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, 37 katika kila 100 huonekana na diski zilizochakaa. Anayeumwa kiuno peke yake, mguu ukiwa salama, asitarajie makubwa kutoka kwa upasuaji huu. Na wiki 6 za mwanzo ni za kusubiri karibu kwa kila mtu, isipokuwa mkojo umegoma, ganzi imeingia sehemu za siri, au mguu unazidi kuishiwa nguvu. Huyo aende hospitali leo.

Nisichokubali ni kuupamba upasuaji huu kwa udogo wa tundu. Uholanzi hiyohiyo, 2009, njia ya mrija mwembamba ililinganishwa na upasuaji wa darubini wa kawaida. Baada ya mwaka, 69 katika kila 100 wa mrija walisema wamepona vizuri, dhidi ya 79 wa njia ya kawaida. Njia ya kamera ilifanya vyema katika utafiti wa 2022, lakini ubora wa mkono unaoishika una uzito kuliko urefu wa kovu.

Kusubiri nako kuna kikomo. Huko Kanada, wagonjwa 128 waliokuwa wameteseka miezi 4 hadi 12 walifuatiliwa, matokeo yakatoka 2020. Miezi 6 baadaye, maumivu ya mguu kwa waliopangiwa upasuaji yalikuwa 2.8 katika kipimo cha 10, na kwa wenzao 5.2. Aliyefika wiki ya 8 bila nafuu yoyote anastahili kuambiwa namba zote, ile 95 na zile wiki zilizo kabla yake, kisha aulizwe analalaje.