Bei za vifaa vya gereji zinatuumiza

Mafundi magari wa Mtwara tunaumizwa na bei za vifaa. Boksi la soketi (vichwa vya kufungulia nati) za chuma cha maana linameza faida ya msimu mzima wa korosho, msimu ambao ndio wenye kazi, malori yakishuka kutoka Newala na Tandahimba. Likitoka Kariakoo limesafiri zaidi ya kilomita 500, na kila mkono uliolishika umeongeza chake.

Zinabaki spana za bei poa, zinang'aa kama sahani mpya. Hebu fungulia nati yenye kutu kwa namba 14 ya aina hiyo (na chumvi ya pwani haiachi nati salama): mdomo wa spana unapanuka, kona za nati zinalika, spana inateleza, vidole vinagonga chuma. Kazi ya dakika 10 inageuka ya kukata kwa tindo, na mwenye gari anaona fundi ndiye hajui.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ndiyo usiseme. Halafu kijana aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA na cheti chake anaambiwa ajiajiri. Kwa mikono mitupu? Wauzaji wakubwa wakubali basi tulipe kidogo kidogo, kama bodaboda zinavyokopeshwa.