James Brown Alichelewa Kufika Uani Kwetu

Baba mkubwa alikuwa kijana Dar es Salaam Novemba 1969, muziki wa soul ulipopigwa marufuku. Suruali za pekosi alizigawa, raizoni, vile viatu vya soli nene, akazificha, kinyongo akabaki nacho. Alipotimiza miaka 75 nikamwahidi: "Jumamosi nakuletea James Brown, yule mwimbaji wako wa soul, hapa hapa uani."

Nilichagua filamu ya lile onyesho la T.A.M.I., tamasha la wanamuziki wengi, Santa Monica, Marekani, Oktoba 1964. Sehemu yake ni nyimbo nne, dakika kama 18, picha nyeusi na nyeupe. Ndimo anamoanguka magotini, akafunikwa joho, akaongozwa kutoka, akalitupa joho na kurudi kwenye maikrofoni. Waliopanda jukwaani baada yake ni bendi ya Rolling Stones. Nawaonea huruma mpaka leo.

Projekta niliazima. Shuka jeupe nikalikunja mara mbili, maana likiwa moja mwanga unapenya na anayefaidi ni mbuzi wa jirani. Spika ilikuwa ya kuchaji, kubwa, nikaiunganisha na kompyuta kwa bluetooth. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Bluetooth hufungasha sauti, huirusha hewani, huifungua upande wa pili, na safari hiyo yaweza kula milisekunde 200. Mtu akiongea tu, unaweza usigundue. Ngoma ikipigwa, hata mbuzi anagundua.

"Mbona huyu anapiga kwanza, ngoma inalia baadaye?" akauliza baba mkubwa.

"Dakika moja, baba."

Dawa ninaijua. Kwenye VLC, programu niliyochezeshea filamu, kitufe cha J kinaiwahisha sauti kwa milisekunde 50, K kinaichelewesha kwa kiasi hicho hicho. J mara nne, kazi imekwisha. Mimi, gizani, nikabonyeza K. Nikaona bado, nikaongeza. Nikaongeza tena. Nadhani zilifika 20.

Sasa James Brown akawa anaanguka kimya kimya kama gunia la mkaa. Ukelele unatoka keshafumba mdomo, watoto wakaapa anayelia ni yule jamaa wa joho.

"Anaimba kwa tumbo," akasema mama mkubwa.

Fundi redio wa mtaani akashauri watu warudi nyuma. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila hatua ya kurudi nyuma inaichelewesha zaidi, ila nani ambishie fundi? Viti vikaburutwa.

Nikazima bluetooth, nikachomeka waya. Bado! Zile K zangu 20 zilikuwa zimo ndani ya programu, sekunde nzima, zimetulia kama mgeni asiyeaga. Nikiwa napekua menyu nikajitetea kwamba hata wakubwa hukwama: waliompiga picha za filamu mwimbaji Aretha Franklin kanisani Los Angeles, Januari 1972, hawakupiga vile vibao vya "kwa!" mbele ya kamera, sauti na picha zikagoma kuoana, na filamu ikaja kutoka 2018.

Baba mkubwa akapiga hesabu. "Miaka 46. Mwanangu, mimi sina."

Nikaipata sehemu ya kuoanisha sauti, nikarudisha sifuri, nikaanza wimbo upya. Mdomo na sauti, pamoja! Vigelegele. Joho la kwanza likashuka mabegani, na uniti za LUKU zikaisha.

Projekta ikafa. Kompyuta ina betri, spika ina chaji, kwa hiyo James Brown akaendelea kubembeleza gizani bila sura. Watu wakawasha tochi za simu, na katikati ya mwanga nikamwona baba mkubwa, raizoni miguuni, sijui alizitoa wapi. Akaanguka magotini palepale penye ukelele.

Mama mkubwa akajua goti limevunjika. Akakimbia na khanga, akamfunika, akamwongoza taratibu kuelekea barazani. Hatua tatu, mzee akaitupa khanga, akarudi, akaanguka tena. Akafunikwa tena. Akaitupa tena.

Mara ya tatu goti lilikataa kweli. Tulimbeba watu watatu, na khanga yake begani.