Mapenzi ya Malodi na Sheria ya 1882

Riwaya za mapenzi ya kale, zile za malodi, yaani makabaila wa Uingereza, karamu za dansi na magari ya farasi, zina maadui wa aina mbili hapa kwetu. Wa kwanza wanaziita uchafu, vitabu vya kusomwa na wasio na kazi. Hao tuwaache, asiyekifungua kitabu hana la kukihukumia. Wa pili wana hoja, tena nzito, na nimeisikia zaidi tangu Bridgerton, tamthilia ya mapenzi ya malodi hao, ianze kuonyeshwa Netflix Desemba 2020 na vijana wetu wakaanza kuwaulizia wauza vitabu vya mtumba hadithi za aina hiyo. Mwalimu mmoja wa fasihi hapa Nakuru huiweka hivi: mjukuu wa kibarua wa Njoro anatafuta nini kwenye kitabu ambacho shujaa wake ni lodi?

Hoja yao ni hii. Kipindi kinachopendwa na waandishi hawa kuliko vyote ni 1811 hadi 1820, mwana wa mfalme alipotawala kwa niaba ya baba yake, George wa Tatu, aliyekuwa mgonjwa. Biashara ya watumwa ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1807, lakini watumwa wenyewe walikuwa bado wanakata miwa Karibiani. Sheria ya kuwaachilia ilipopitishwa mwaka 1833, Bunge lilitenga fidia ya pauni milioni 20 kwa waliowamiliki. Waliomilikiwa hawakupata hata senti. Sasa soma riwaya kumi, uhesabu ni ngapi zinazouliza sukari ya chai ya lodi ilitoka wapi. Ongeza na wingi wa madyuki wenyewe, malodi wa daraja la juu kabisa: katika nchi nzima hawakuzidi arobaini, na wengi walikuwa wazee au wameoa, ila kwenye riwaya kila karamu ina kijana mmoja mwenye cheo hicho, mrefu, mwenye huzuni machoni. Halafu kuna urithi mbaya wa The Flame and the Flower ya Kathleen Woodiwiss, iliyotoka mwaka 1972 na kufungua soko la leo: shujaa anambaka msichana, na kitabu kinaishia kwenye ndoa ya furaha. Hilo silitetei, na waandishi wengi wa sasa wameiacha njia hiyo.

Hata hivyo naona wakosoaji hawa wanazipima riwaya hizi mahali pasipostahili. Wanatazama mavazi na vyeo. Mimi natazama kizuizi. Kila hadithi ya mapenzi ina kitu kinachowazuia wawili wasipatane ukurasa wa tano, na swali langu ni kama kitu hicho kimezaliwa na zama zile au kimepachikwa tu. Wachukue wahusika, wavue magauni, wahamishie mtaa wa Milimani mwaka huu. Hadithi ikiendelea bila kutikisika, basi historia ilikuwa nguo za kuazima. Ikianguka, umeshika riwaya ya kihistoria ya kweli, hata kama jalada lake lina mwanamume aliyefunguka vifungo.

Mfano ulio bora ni ule ambao wasomaji wengi huupita mbio: mwanamke anaposema ndiyo. Mwaka 1815 nchini Uingereza neno hilo lilikuwa hatari. Akishafunga ndoa, fedha zake, vito vyake, fanicha, hata ujira wake kama alifanya kazi, vyote vilikuwa vya mume. Shamba lilibaki kwa jina lake lakini kodi ya kulikodisha aliila mume. Watoto walikuwa wa baba. Talaka ya kumruhusu kuolewa tena ilihitaji kupitishwa na Bunge, na hali ilikuwa hivyo hadi 1857. Ndiyo maana mwandishi anayejua kazi yake anaweza kuandika kurasa arobaini za mwanamke anayempenda mtu kwa moyo wote na bado anamkataa, na msomaji asimwone mjinga. Kusitasita kwake ni hesabu. Anapima tabia ya mtu ambaye kesho atakuwa na haki ya kuuza kinanda cha mama yake.

Familia zenye uwezo zilijikinga kwa mkataba uliowekwa sahihi kabla ya harusi, mali ya binti ikiwekwa mikononi mwa wadhamini. Katika riwaya mbovu wakili huingia, akainamisha kichwa, akatoka. Katika riwaya nzuri unasikia mjomba akibishania kila kipengele: binti atapewa kiasi gani kwa mwaka, akifiwa atakaa wapi, watoto wa kike watapata nini. Msomaji wa Kakamega au Siaya aliyewahi kuwasikiliza wazee wakijadili ng'ombe wa mahari hahitaji kuelezwa joto la kikao hicho, ingawa kule mali ilitoka kwa bibi harusi na huku inakwenda kwao.

Hapa ndipo swali la yule mwalimu linapogeuka. Sheria iliyompa mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, baada ya hatua ya kwanza ya 1870, ilipitishwa mwaka 1882. Sheria hiyohiyo, ya Malkia Victoria, ndiyo iliyotumika katika mahakama za Kenya. Mume na mke wa Nakuru au Kisumu wakigombania nyumba baada ya ndoa kuvunjika, jaji alifungua kifungu cha 17 cha sheria ya Uingereza ya 1882. Mwaka 2007 Mahakama yetu ya Rufani ilishikilia kwamba ndoa peke yake haimpi mke nusu ya mali. Mchango wake wa kifedha lazima uonekane. Miaka ya kulima, kupika na kulea haikuingia kwenye hesabu hiyo. Ni Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 iliyotamka kwamba ile ya 1882 haitumiki tena Kenya. Kwa hiyo mama wa miaka sitini anayesoma habari za bibi wa 1815 aliyeogopa kusema ndiyo hajatoroka maisha yake. Sehemu kubwa ya ndoa yake ilikuwa chini ya sheria iliyoandikwa kumwokoa bibi yule.

Kipimo hiki kinafaa hata kwa vitabu ambavyo haviitwi vya mapenzi. The River and the Source ya Margaret Ogola, ya mwaka 1994, wengi tuliisoma kwa ajili ya mtihani, na nadhani ndiyo maana hatukuiona sehemu yake ya kwanza ilivyo: hadithi ya Akoko na Chifu Owuor Kembo, mtu anayempenda mke wake kiasi cha kukataa kuoa wa pili, mama yake akiona aibu. Leo chifu mwenye mke mmoja hamshtui yeyote. Zama zile upendo huo ulikuwa jambo la kisiasa, na Akoko akishafiwa anafika hadi Kisumu kuishtaki dhuluma ya shemeji mbele ya serikali ya wazungu. Hamisha mwaka, hadithi yote inaporomoka.

Nakiri kipimo changu kina upofu: kitabu kinaweza kujua sheria zote za mali na kisimwone kijakazi anayepandisha maji ya moto ghorofani. Waliojaribu kuliponya hilo ni waandishi kama Beverly Jenkins, ambaye katika Night Song, pia ya 1994, aliwapa mapenzi mwalimu mweusi na mwanajeshi mweusi huko Kansas, Marekani, bila kuomba ruhusa ya lodi yeyote.

Nasi tuna malighafi. Kasri la Lord Egerton, mlowezi wa Kiingereza, pale Njoro lilianza kujengwa mwaka 1938 na kukamilika 1954. Husimuliwa kwamba alimjengea mwanamke aliyemkataa, akaapa mwanamke asikanyage hapo. Leo maharusi hupigia picha pale. Kama riwaya, naipa alama chache. Kufikia 1938 mwanamke wa Kiingereza angeweza kumkataa tajiri na mali yake ikabaki yake, kwa hiyo kizuizi ni tabia ya bwana tu. Wakati huohuo, katika mashamba ya kando, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kubeba kipande, kitambulisho chenye rekodi ya kazi yake, na wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha bati. Kuacha kazi kabla mwajiri hajatia sahihi kulikuwa kosa la jinai. Kijana wa shamba moja anayempenda msichana wa shamba la mbali alikuwa na kizuizi kilichoandikwa na serikali.

Hiyo ndiyo ningeinunua. Mwandishi wake atakuwa na kazi ya kuamua wanaoana mwaka gani, kwa sababu akichelewa hadi baada ya Oktoba 1952, Hali ya Hatari imetangazwa, maskwota Wakikuyu, vibarua walioishi na kulima kwenye ardhi ya walowezi, wanafukuzwa kutoka mashamba ya Bonde la Ufa, na mwisho wa furaha utalazimika kuelezea wawili hao watalala wapi.