Joe Higgs: ualimu uliomfunika mwimbaji

Wanaosimulia historia ya Bob Marley humtaja Joe Higgs mara moja tu, kwamba ndiye aliyewafundisha The Wailers, kundi la Marley, kuimba, halafu hao, wameshampita. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini Higgs alikuwa na santuri sokoni kabla wanafunzi wake hawajakanyaga studio, na ubishi juu yake haujaisha: nafasi alinyimwa, au mwenyewe hakuikimbilia?

Alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1940, akakulia mtaa wa Trench Town. Kuimba alianza kwa mama yake, mwanakwaya wa kanisani. Mwezi Mei 1959, wakati wa machafuko ya kisiasa mtaani kwao, polisi walimpiga na akatupwa jela, na machungu yale yanasikika katika tungo zake. Alikuwa akiimba na mwenzake Roy Wilson. Kibao chao "Manny Oh" kilitayarishwa na Edward Seaga, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu mwaka 1980, nacho kilivuma kabla nchi haijapata uhuru mwaka 1962.

Uani kwake Trench Town ndipo Marley, Peter Tosh na Bunny Wailer walipofundwa kupanga sauti, kushika pumzi na kutoogopa jukwaa. Hakuwatoza hata senti. Kundi la Wailing Souls nalo lilipita mikononi mwake.

Wanaosema alidhulumiwa wana ushahidi mzito. Mwaka 1972 alirekodi albamu ya "Life of Contradiction" kwa ajili ya kampuni ya muziki ya Island, na gitaa humo lilipigwa na Eric Gale wa Marekani. Island ikaifungia. Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ikawatoa The Wailers kwa ulimwengu, na albamu ya mwalimu wao ikasubiri hadi 1975, ikatolewa na kampuni nyingine. Miaka mitatu kwenye muziki wa reggae ilikuwa mingi mno: kilichokuwa kipya alipokiimba, kiliposikika kilionekana kimefuata njia iliyokwisha kufunguliwa na wengine. Kisha kuna wimbo wa "Stepping Razor". Aliutunga yeye, lakini Tosh alipoutoa mwaka 1977 katika albamu yake "Equal Rights", mtunzi aliyeandikwa hakuwa Higgs. Haki yake ilikuja kutambuliwa baadaye, watu wakiwa wameshazoea kuuita wimbo wa Tosh. Hadi leo wengi huuita hivyo.

Upande wa pili nao usikilizwe. Higgs hakuacha albamu nyingi, na nyimbo zake hazikumbembeleza mtu acheze. Sauti yake ni ya mtu mzima anayefikiri, ina ladha ya jazz, haina haraka. Muziki wa namna hiyo hauuziki kirahisi katika soko linalotaka kibao cha wiki hii. Zaidi ya hayo, alizoea kuimba pamoja na wenzake. Bunny Wailer alipogoma kuendelea na ziara ya The Wailers mwaka 1973, Higgs ndiye aliyekwenda Marekani kuziba pengo lake, akasimama pembeni ya vijana aliowalea mwenyewe. Anayetaka kumsikia katika kazi hiyo atafute albamu ya "Talkin' Blues", iliyotoka mwaka 1991 ikiwa na rekodi za ziara ile. Mtu mwenye tamaa ya umaarufu asingekubali kazi hiyo, au angeikubali kwa masharti.

Hoja hii ya pili naikubali nusu. Ni kweli hakuwa mtu wa kujinadi, na kumfanya mnyonge tu ni kumkosea heshima. Ila upole wa mtu haumpi mwenye kampuni ruhusa ya kukalia kazi yake, wala hauhalalishi kuandika jina la mwingine juu ya utunzi wake. Tena nani alisema muziki mtulivu haupendwi? Wimbo wake "There's a Reward" una uchungu na matumaini kwa pamoja, na anauimba bila kupaza sauti. Waimbaji wachache wa Jamaika wa kizazi chake waliweza hilo.

Alifariki Los Angeles mwaka 1999 kwa saratani. Sidhani kwamba albamu ile ingetoka mwaka 1973 ingemfikisha alipofika Marley. Marley alikuwa na mvuto wa jukwaani ambao Higgs hakuwa nao, na alikubali kuishi safarini. Lakini Higgs angefahamika kama mwimbaji mwenye nyimbo zake, na nyimbo hizo zingerekodiwa kwa wingi zaidi, sauti yake ikiwa bado na nguvu zote.