Deni la Mjomba Lilivyogeuka Akiba
Kabla hamjaendelea kuamini ile sauti ambayo rafiki yangu kaisambaza kwenye grupu, eti nimezidisha akiba za watu: sijachezea hela ya kikoba. Aliyezizidisha ni sint64, aina ya namba ya kompyuta. Tulieni niwaeleze.

Mfumo wa zamani uliotunza hesabu za kikoba umezimwa, umeacha faili moja la baiti, daftari.bin. Fundi wake akanitumia skima, yaani maelezo ya majina na aina za sehemu za data, daftari.proto. Protobuf, mtindo uliotumika kuandika faili hilo, haiweki majina ya sehemu ndani ya data. Inaweka namba ya sehemu na aina ya usimbaji tu. Bila skima, programu yake ya kufungulia, protoc --decode_raw, inakupa "3: 99999", ujijue mwenyewe. Nikapiga:

protoc --decode=kikoba.Orodha daftari.proto < daftari.bin

Ikafunguka bila kulalamika. (Wenzangu wa fani mmeshaanza kucheka. Subirini.)

Jumapili, sebuleni kwa shangazi, projekta ukutani, ukoo mzima umejaa. Shangazi: 400000. Akashika mdomo, maana aliweka laki mbili. Vigelegele. Nikashusha orodha polepole hadi kwa mjomba, ambaye hata watoto wanajua anadaiwa elfu hamsini. Ukuta ukasema 99999.

Mjomba akavua kofia. Akavaa miwani. Akausogelea ukuta mpaka tarakimu zikamwangukia usoni, akazisoma kwa sauti: tisa. Tisa. Tisa. Tisa. Tisa. Akageuka, akaniwekea mkono begani. "Mwanangu, nilijua ipo siku haki itatendeka. Nazitoa leo leo."

Nami, mhandisi mzima, nikaitikia, "Sawa, mjomba."

Sasa sikieni. Data iliandikwa kwa sint64, inayokunja namba kizigizaga: chanya n huandikwa 2n, hasi −n huandikwa 2n−1. Skima niliyopewa ilisema int64, isiyokunjua kitu. Zote mbili ni varinti (namba zinazochukua baiti chache au nyingi kulingana na ukubwa), aina ya usimbaji 0, na baiti ni zilezile, kwa mjomba 18 9F 8D 06, kwa hiyo protoc haina cha kukataa. Na dalili ilikuwa pale ukutani, kubwa kuliko televisheni ya shangazi: kila mwenye akiba ana namba shufwa, kila mdaiwa ana witiri!

Nikabadilisha int64 kuwa sint64, nikafungua upya. Mjomba −50000, shangazi laki mbili zake, soda zikapoa mezani, watu wakaaga.

Mjomba ameshapeleka ajenda ya kikao kijacho: kura ya kuchagua skima.